Supamaketi ya bei nafuu mtaani kwangu Leipzig: nyota 3 kati ya 5

Nawaandikia ninyi mnaojiandaa kuja Ujerumani kusoma au kufanya kazi. Jina la duka silitaji, maana haya ya bei nafuu yako kila mtaa na tabia yao ni moja: bei iko chini kwa sababu nusu ya kazi unaifanya wewe mteja.

Mlangoni toroli zimefungwa minyororo. Unatumbukiza sarafu ya yuro 1 au senti 50, na unarudishiwa ukishairudisha toroli mahali pake. Kama mfukoni una noti tupu, utabeba vitu mkononi. Ndani, bidhaa nyingi zimeachwa kwenye maboksi yaleyale zilizosafirishiwa, na wafanyakazi ni wa kutafuta.

Unga ndio ulionisumbua zaidi. Wa ngano una namba kwenye pakiti, 405, 550, 1050, na namba inaonyesha kiasi cha madini kilichobaki baada ya kukoboa. Ikipanda, unga unazidi kuwa wa kahawia. 405 ni wa keki. Chapati mimi natumia 550, unavutika vizuri na hauchaniki ukisukuma. Sembe sahauni. Kuna unga wa mahindi wa njano, wa chengachenga, ukiusonga unapata kitu kama uji uliokasirika. Sembe nyeupe inafuatwa afroshop, yaani duka la vyakula vya Kiafrika, na bei yake lazima mgune. Mboga afadhali: majira ya baridi huuzwa majani yaliyokatwakatwa, ndugu kabisa wa sukuma wiki, ila joto likianza yanatoweka.

Sasa njooni kaunta. Mhudumu amekaa kwenye kiti na mkono wake hausimami. Mistari ya kusomea bei imechapishwa pande mbili tatu za pakiti ili asipoteze hata sekunde ya kuigeuza. Wa kukufungia mzigo hakuna, na kile kijisehemu mbele yake kinatosha mkate na maziwa tu. Yaani wewe rudisha kila kitu kwenye toroli upesi, lipa, halafu kapange vizuri pale pembeni dirishani. Ukithubutu kupanga mayai kistaarabu, jumla imeshatajwa, kadi haijatoka mfukoni, na mzee aliye nyuma yako ameanza kushusha pumzi. Mifuko myepesi ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2022, lakini hilo Mtanzania halimshtui. Kwetu ilikwisha Juni 2019, kikapu chake anacho.

Halafu chupa. Soda ya chupa ya plastiki au ya kopo inaongezwa senti 25 za amana juu ya bei uliyoiona kwenye rafu. Chupa ya bia ya kioo kwa kawaida ni senti 8. Hela yako inarudi ukiilisha mashine chupa tupu. Msizikanyage kuokoa nafasi kama mimi nyumbani ninavyozoea, kwa sababu mashine inatafuta alama, na iliyobonyea inatemwa. Jumamosi jioni ndiyo balaa: mbele yako kuna jamaa na magunia ya makopo, taa nyekundu inawaka, kengele inalia nyuma ya ukuta, na hakuna anayekuja. Ukimaliza unapewa kikaratasi, si pesa. Pesa iko kaunta, kwenye foleni nyingine.

Jumapili wamefunga. Katiba yao inailinda siku hiyo kwa kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya mwaka 1919, kwa hiyo msitegemee duka fulani litajiongeza. Pasaka ni mbaya zaidi: Ijumaa Kuu wamefunga, Jumamosi wazi, Jumapili na Jumatatu wamefunga tena. Maduka ya stesheni kuu hufungua, kwa bei ya mwenye shida.

Mbona basi nyota 3? Bei ya rafuni ina kodi tayari, na chini yake kwa maandishi madogo wanaweka bei ya kilo moja, hivyo utagundua pakiti kubwa si lazima iwe nafuu. Birika la umeme lililonifia niliwarudishia na risiti, nikapewa hela bila kuhojiwa. Nyota moja nimeikata kwa ile mashine ya chupa, nyingine kwa kaunta.

Na mwiko njooni nao. Vijiko vya mbao vya hapa vinakatikia kwenye sufuria.