VX 100 yenye kilomita zaidi ya 400,000: uzoefu wangu wa kuihudumia mwenyewe nyumbani, Mwanza

Nina Land Cruiser 100 VX ya mwaka 2000, ya petroli, enjini 2UZ-FE, ile V8 ya cc 4,664. Imeshavuka kilomita 400,000 na ndiyo ninayoitegemea kwa safari za Sengerema, Geita na Musoma. Kila nikisimama mahali swali ni hilohilo: "Mzee, hili dude si linakufilisi?" Halijanifilisi, na nadhani sababu kubwa ni kwamba servisi karibu yote naifanya mwenyewe uani kwangu, Nyegezi.

Nimalizane kwanza na habari ya petroli. Mjini, kwenye milima yetu hii, napata kama kilomita 5 kwa lita. Tanki ni la lita 96. Kama hesabu hiyo inakuumiza kichwa, acha gari hili, maana hakuna servisi itakayoibadilisha.

Ukishaikubali, utakuta enjini ngumu kweli. Bloku yake ni ya chuma, si alumini, na ikipata oili safi haina papara ya kuchakaa. Kwenye gari la umri huu vinavyotangulia kuchoka ni mipira, plastiki na vimiminika. Mimi nimeelekeza nguvu zangu huko, na kazi zenyewe nyingi zinafanyika na spana, jeki na uvumilivu.

Naanza na upozaji, kwa sababu ndio unaoua enjini nyingi hapa kwetu. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji matupu huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Bado watu wanajaza maji ya bomba kwenye rejeta, kisha wanapanda Bugando na AC imewashwa! Kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea enjini) pamoja na kifuniko cha rejeta kinachoshika presha vizuri ndivyo vinavyosogeza mbali kiwango cha kuchemka, na kulanti inazuia kutu ndani ya enjini. Kifuniko ni kitu kidogo cha bei ndogo. Mpira wake ukianza kupasuka, badilisha siku hiyohiyo.

Mwenye 2UZ-FE yenye hita ya nyuma afungue boneti aangalie nyuma kabisa ya enjini, karibu na ukuta wa dashibodi. Kuna viungo viwili vya plastiki vyenye umbo la T vinavyogawa maji ya hita. Kwa joto la miaka yote hiyo plastiki inakauka, na siku ikipasuka kulanti yote inamwagika barabarani kabla hujaona mshale wa joto ukipanda. Kwangu nilivitoa vikiwa bado vizima, nikaweka vya shaba, mipira mipya na klipu mpya. Kimoja kilivunjika mkononi wakati nakichomoa. Ukiniuliza kazi moja ya kufanya kesho asubuhi kwenye gari hili, ni hiyo.

Sisi wa kando ya ziwa tuna jambo jingine, wadudu wa ziwani. Msimu wao ukifika wanatanda angani kama moshi, na ukipita katikati yao usiku wanajaa kwenye mapezi ya kondensa (rejeta ndogo ya AC) na rejeta hadi hewa haipiti. Naosha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu, kutoka upande wa enjini kwenda nje, ili nisikunje mapezi. Filta ya hewa naikagua wakati huohuo.

Oili ya enjini nabadilisha kila kilomita 5,000. Inakula lita 6.8 pamoja na filta, kwa hiyo nanunua dumu la lita 5 na chupa mbili za lita moja, kinachobaki ni cha kuongezea. Oili chafu naiweka kwenye dumu lenye kifuniko na kuipeleka gereji wanakokusanya. Hili nalisema kwa uchungu: mifereji yetu inaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, tunakonywa na kuvua. Tafadhali, usimwage oili kwenye mfereji.

Difu ya mbele, difu ya nyuma na transifa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) zote zinataka oili yake. Kabla hujamwaga, hakikisha nati ya kujazia inafunguka. Ukianza na ya kumwagia halafu ya juu ikagoma, unabaki na difu kavu na gari halitoki uani.

Kisha grisi. Gari hili ni 4x4 muda wote, lina propela shafti mbili (vyuma virefu vinavyopeleka nguvu kwenye difu), na kila moja ina nipeli tatu za kupigia grisi: mbili za msalaba na moja ya sehemu inayoteleza. Ukisikia kitu kinagonga chini, "ko", unapoachia breki na kuondoka, usikimbilie kubadilisha giaboksi. Mara nyingi sehemu hiyo inayoteleza imekauka. Piga grisi taratibu, na acha mara shafti inapoanza kusukumwa. Gereji nyingi haziigusi kazi hii kwa sababu hakuna anayeiagiza.

Sasa AHC, ule mfumo wa kuinua na kushusha gari kwa mafuta. Hapa nitasema zaidi, kwa sababu ndipo ushauri mbaya ulipo mwingi. Karibu kila fundi niliyempitia aliniambia: "Ng'oa hiyo, mzee, weka shokapu za kawaida." Nimekataa. Barabara za mawe za milimani kwetu zinachosha gari na abiria, na AHC ikiwa nzima inazipita kwa upole ambao sijaupata kwenye gari jingine. Nikipakia mzigo nyuma, gari linajisawazisha lenyewe.

Kupima afya yake hakuhitaji mashine. Kikopo cha mafuta ya AHC kina mistari. Weka gari kwenye H (juu kabisa), soma usawa wa mafuta. Shusha hadi L (chini kabisa), soma tena. Mafuta yakipanda mistari mingi, karibu 14, yale mapira manne ya gesi ya naitrojeni bado yana nguvu. Tofauti ikibaki mistari 7 au pungufu, gesi imekwisha na ndiyo maana gari linaruka kama limefungwa mbao. Mafuta yenyewe yawe ya AHC, si ya giaboksi wala ya stelingi. Kuyabadilisha nafungua nipeli za kutolea mafuta za kila pembe, mrija ukiwa ndani ya chupa na miwani usoni, kwa kuwa yana presha kubwa na gari hushuka ghafla. Asiwepo mtu chini.

Kuhusu kuingia chini: milima yetu ina mawe kila mahali na watu wanayatumia kama stendi. Gari hili lina uzito wa zaidi ya tani mbili. Nunua stendi za chuma, ziweke kwenye sakafu ngumu, na usiamini jeki peke yake.

Kuna kazi nisizozigusa. Mkanda wa taimingi nampelekea fundi niliyemzoea, na nampa mkanda, pampu ya maji, puli na tensheni kwa pamoja, kwa sababu kufungua ni kulekule. Nafuata kilomita 100,000. Ukinunua gari lililotoka Japani, angalia ndani ya boneti kama kuna stika ya gereji ya huko. Maandishi huwezi kuyasoma, lakini kilomita na tarehe ya mkanda zimeandikwa kwa tarakimu.

Bodi haijanisumbua. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, hivyo fremu haziliwi kama za magari ya pwani. Kutu niliyoikuta chini ilikuja nayo kutoka Japani, ambako mikoa ya theluji humwaga chumvi barabarani. Niliikwangua kwa brashi ya waya na kupaka rangi ya kuzuia kutu.

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema imekuwa nyepesi hata kwa enjini. Zamani tulisubiri kivuko Kigongo V8 ikinguruma pale pale na AC ikivuta. Sasa ni kilomita 3 juu ya maji, unapita.

Ningenunua tena? Ndiyo, na ningechagua lenye kilomita nyingi na rekodi za servisi kuliko lenye kilomita chache zisizo na karatasi. Kwa sasa bushi za stelingi zimeanza kucheza na beringi za mbele zimefikia muda wa kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa grisi mpya. Spea nimeshaagiza Gerezani, Dar es Salaam, zinakuja na basi.