Usukani wa Premio kutetemeka kwenye 90: balansi, gereji, na ringi za kuchonga Gerezani

Nianze na hukumu, maana najua wapo watakaosoma haya gari likiwa juu ya jeki na fundi kashashika spana. Usukani wa gari langu ulikuwa unatetemeka kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa, na ringi nne za alumini (za kujaza nafasi kati ya tundu la katikati la rimu na habu, kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa) alizonichongea mzee mmoja Gerezani, Kariakoo, naziweka juu ya kila huduma niliyolipia kwa gari hili. Balansi ya mashine, yaani kusawazisha uzito wa magurudumu, naipa alama za wastani: ilifanya kazi yake sawasawa, ila tatizo halikuwa hapo. Gereji iliyotaka kunibadilishia mfumo mzima wa stelingi, hiyo sina alama ya kuipa.

Gari ni Toyota Premio ya 2012, lile umbo la 260, injini ya 1.5. Nimelinunua kwa mtu hapa hapa Dar. Mwenyewe wa kwanza alipenda urembo, kafunga rimu za spoti za inchi 15 ambazo si za Toyota. Mjini halina neno. Kwenye foleni ya Ubungo unafika 40 ukiwa na bahati, kwa hiyo hata siku ya kulijaribu usingegundua kitu. Vuka Kimara sasa, ingia ile barabara ya njia nane kwenda Kibaha, mshale ufike 85: usukani unaanza kucheza mkononi. Kwenye 90 hadi 100 hata pete kidoleni inagonga. Ukipita 105 unatulia kidogo.

Hiyo tabia ya kuja kwenye mwendo fulani na kupungua ukiupita inasema mengi kabla hujafungua nati hata moja. Mimi nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo wanaonijua watanisamehe. Tairi la 195/65R15 lina mzunguko wa karibu mita 2. Kwenye 100 linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Kitu chochote kisicho katikati kinapiga mara 14 kwa sekunde, na sehemu za mbele za gari zina mwendo wake ambao zikipigwa nao zinaitikia kwa nguvu. Ndiyo maana kasoro ileile kwenye 60 huisikii na kwenye 95 inakukera.

Halafu kuna maswali ya kujiuliza ukiwa barabarani. Je, unatetemeka pale tu unapokanyaga breki? Basi tazama diski. Unatetemeka ukikanyaga mafuta na ukiachia unakoma? Hapo shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele, hasa jointi za ndani, ndizo za kushukiwa. Gari likisimama huku injini inaunguruma na bado mtetemo upo, ni maunti za injini. Ukiusikia zaidi kwenye kiti kuliko kwenye usukani, anza na magurudumu ya nyuma. Wangu ulikuwa usukanini, breki haikubadili kitu, mafuta hayakubadili kitu, hata gia nikiiweka N uko palepale. Kwa hiyo ni magurudumu ya mbele, au kinachoyashika.

Gereji ya kwanza sikumaliza hata kueleza. "Dada, hizi gari za mkononi hizi, stelingi imekwisha." Akatingisha tairi akiwa amechuchumaa, gari likiwa chini na uzito wake wote, akataja vipuri vya stelingi na vya miguu ya mbele: tairodi, boljointi, bushi na raki, na bei juu yake. Nikamwomba ainue gari atingishe tena mbele yangu, mkono mmoja juu na mmoja chini, kisha kushoto na kulia. Hakikucheza kitu. Akasema kwa macho huwezi kuona. Nikamshukuru, nikaondoka.

Kwenye balansi nilipata huduma nzuri. Vijana wale wanajua kazi: walifuta tope lililokauka ndani ya rimu (lenyewe tu linatosha kuharibu balansi), wakang'oa risasi za zamani (vile vipande vya uzito vinavyobandikwa kwenye rimu), wakazungusha mpaka mashine ikasoma sifuri pande zote mbili. Elfu tano kwa tairi, chai ipo. Walinishauri pia alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa, na nikakataa, kwa sababu alaimenti mbovu inavuta gari upande na inakula tairi, lakini mtetemo wa namna hii hauleti. Wakanionyesha na tarakimu nne za tairi baada ya herufi za DOT: 4119, yaani wiki ya 41 ya mwaka 2019. Tairi si changa, lakini halikuwa na uvimbe wala sehemu bapa.

Nikatoka hapo nikaenda moja kwa moja hadi Kibaha. Mtetemo upo, ila umehama: sasa unaanza 95, na mdogo kuliko jana. Wiki iliyofuata nikaziba pancha ya mbele kulia, gurudumu likatolewa kwenye gari na kurudishwa, mtetemo ukarudi mkubwa zaidi ya mwanzo. Hakuna aliyegusa risasi. Hapo ndipo nilipoacha kufikiria tairi. Kasoro iliyo ndani ya tairi au rimu haibadiliki kwa sababu tu umefungua nati na kuzifunga. Kinachobadilika ni namna gurudumu linavyokaa kwenye habu.

Jaribio lililomaliza ubishi halikugharimu kitu. Shemeji yangu ana Premio kama langu, yenye rimu zake za chuma za kiwandani. Jumamosi tukabadilishana magurudumu ya mbele, pamoja na nati. Langu likaenda hadi 110 usukani umelala kama uko gereji. La shemeji ndilo lililotetemeka, na dada yangu akatuambia tulirudishe haraka gari la watu lilivyokuwa.

Tukachukua kalipa ya kupimia vipenyo. Habu ya Premio ina kipenyo cha milimita 54.1, na rimu ya Toyota ina tundu la katikati linaloivaa habu hiyo bila nafasi. Rimu zangu za spoti zina tundu la 73.1, kwa sababu watengenezaji wanatoboa kubwa ili rimu moja iuzike kwa magari mengi. Inatakiwa iuzwe na ringi ya kujaza nafasi, na zangu hazikuwa nazo; huenda zilibaki kwa fundi pancha fulani miaka iliyopita. Nati nazo zilikuwa za rimu za aloi za Toyota, zile zenye washa bapa, wakati matundu ya rimu hizi ni ya nati zenye ncha ya koni. Koni ndiyo inayoivuta rimu ikae katikati. Washa bapa haivuti chochote, na juu ya hapo si salama, maana inashika eneo dogo na inaweza kulegea njiani.

Swali ambalo shemeji aliniuliza ni kwa nini mashine ya balansi haikuona. Mashine inaishika rimu kwa koni kubwa kupitia tundu lake la katikati, kwa hiyo pale inazunguka kwenye kitovu chake halisi. Kwenye gari ilikuwa inaning'inia kwa nati. Nililipima gurudumu kwenye mizani ya muuza mahindi jirani, kilo 17. Lisogeze nusu milimita tu kutoka katikati, ni sawa na kubandika risasi ya gramu 45 ukingoni mwa rimu. Nusu milimita ni unene wa kucha.

Nilianza na nati za koni, saizi ya 12 kwa 1.5, kwa kuwa hizo zilikuwa lazima hata kama gari lisingetetemeka. Zilipunguza sana lakini haikuwa ya kutegemea: kijana akifunga kwa bunduki ya upepo gari likiwa chini, nati ya kwanza inaibana rimu upande mmoja kabla zilizobaki hazijaanza kuivuta. Ringi zinaondoa hiyo bahati nasibu. Ukiipachika rimu, tayari imeshakaa mahali pake, nati kazi yake ni kubana tu.

Madukani nilipata ringi za plastiki za vipimo vinavyokaribiana na vyangu, na "kukaribiana" ndiyo ugonjwa wenyewe. Nikaenda Gerezani kwa wachonga vyuma. Mzee nilielekezwa kwake ana mashine ya leithi kuukuu yenye rangi iliyobanduka, nikamwamkia, akapokea marahaba bila kuinua kichwa. Nikampa namba. Akazikataa. "Binti, niletee rimu na unionyeshe habu. Namba za mdomoni sichongi." Alipima kila rimu na kila habu, akakuta rimu moja tundu lake limelika kidogo, akaichongea ringi yake peke yake na kuigonga alama ya nukta. Elfu kumi na tano kila moja, na akanirudisha nikasubiri nje mpaka alipoziingiza kwa mkono, bila nyundo, bila kucheza.

Tukafunga kwa kusafisha kutu kwenye habu kwa brashi ya waya, gari likiwa bado hewani, nati kwa mkono kwanza, kisha kwa kuruka moja hadi nyingine kama unavyochora nyota. Mwisho spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nyutoni mita 103, gari likiwa limegusa chini kidogo.

Tangu hapo nimeenda Morogoro na kurudi, na gurudumu moja limeshatolewa kwa pancha. Hakuna mtetemo hadi 110, na zaidi ya hapo sina haraka. Kilichobaki ni mtikisiko mdogo asubuhi gari likilala siku kadhaa bila kutembea, unaoisha tairi zikipata joto. Hizo ni tairi zenyewe, nitazibadilisha mwaka huu.

Lawama niliyo nayo kwa ringi ni moja. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye unyevu vinashikana, na ya nyuma kushoto tayari inagoma kutoka. Paka grisi nyembamba sana, isifike kwenye diski. Na ukienda kuziba pancha simama palepale: ringi ikidondoka chini inafanana na takataka yoyote ya gereji, na kijana ataifagia bila kujua. Yangu moja niliiokota kwenye ndoo ya risasi kuukuu.