Rangi za Kuchorea Wanyama wa Pori na Dinosaria: Aina Sita, Kuanzia Inayostahili Kununuliwa Kwanza

Mwaka juzi niliishusha ukutani picha ya heroe wa Ziwa Natron ambayo ilikuwa imening'inia barazani kwa miaka mitatu, nikaitoa kwenye fremu iliyokuwa imelegea. Ukingo wa upana wa kidole uliokuwa umefunikwa na mbao za fremu ulikuwa bado na waridi ileile niliyoipaka siku ya kwanza, lakini sehemu iliyopigwa na mwanga, ambako ndege wenyewe wamesimama, ilikuwa imepauka hadi kukaribia rangi ya maziwa. Miguu yao ilibaki myekundu kwa sababu niliipaka kwa rangi ya tyubu nyingine. Kosa lilifanyika dukani, nilipochukua boksi la rangi 24 kwa kuwa lilionekana kutoa vingi kwa fedha kidogo, bila kusoma kilichoandikwa ubavuni mwa tyubu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kuchora chui, mdiria, kinyonga wa Usambara au dinosaria wa Tendaguru kwa rangi kali zinazofurahisha macho, na anayetaka rangi hizo ziwe palepale miaka mingi ijayo.

Kwanza majina yawekwe sawa, kwa kuwa maneno yaleyale yana maana mbili. Katika duka la vifaa vya ujenzi, "rangi ya maji" ni emalshani ya kuta za nyumba, na "rangi ya mafuta" ni rangi ya kung'aa ya milango na mageti. Katika duka la vifaa vya sanaa, rangi ya maji ni vile vidonge au vityubu vya kuchorea kwenye karatasi, na rangi ya mafuta ni ya tyubu, iliyosagwa katika mafuta ya kitani. Ukimtuma mtu akununulie, mwandikie kwa ukamilifu.

Nafasi ya kwanza: akriliki ya tyubu

Akriliki ni pigimenti, yaani unga unaobeba rangi, iliyochanganywa na gundi ya plastiki iliyotawanywa katika maji. Inapokuwa mbichi huoshwa kwa maji ya kawaida, na ikikauka haiyeyuki tena kwa maji. Kwa mchoraji wa wanyama sifa hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu unaweza kupaka mwili mzima wa chui kwa manjano ya udongo, ukasubiri muda wa kunywa chai, kisha ukaweka madoa meusi juu yake bila ya rangi ya chini kuchafuka. Inashika kwenye karatasi nzito, kitambaa, mbao na hadibodi, na haina harufu ya kuumiza kichwa. Udhaifu wake ni kwamba katika joto la pwani hukauka upesi hata kwenye sahani ya kuchanganyia, hivyo weka kitambaa chenye unyevu chini ya karatasi ya kuokea na uchanganyie rangi juu ya karatasi hiyo. Vilevile rangi yake hukolea kidogo ikikauka kuliko ilivyokuwa mbichi.

Jambo la kutazama hapa ni alama za pigimenti kuliko idadi ya rangi zilizomo ndani ya boksi. Kampuni zinazoheshimu kazi yao huandika kwenye kila tyubu herufi na namba za pigimenti pamoja na kiwango cha kustahimili mwanga. Katika kipimo cha Marekani kiitwacho ASTM, daraja la I ndilo bora, na la II linatosha. Royal Talens ya Uholanzi, watengenezaji wa akriliki ya Amsterdam, hutumia alama za kujumlisha, ambapo tatu ndizo za juu kabisa. Tyubu isiyo na namba yoyote, iliyoandikwa tu "waridi" au "zambarau", iache. Waridi na zambarau za bei ya chini ndizo zinazopauka mapema zaidi, na rangi zile zinazowaka kama koti la askari wa barabarani hupauka hata zikiwa za kampuni nzuri.

Ningeanza na tyubu nane: nyeupe ya titani (PW6), manjano (PY154), nyekundu (PR254), waridi iliyoiva (PV19), buluu ya bahari (PB29), buluu inayoelekea kijani (PB15:3), hudhurungi ya udongo (PBr7) na nyeusi (PBk7). Kwa hizo utapata kijani cha kinyonga kwa kuchanganya manjano na ile buluu ya pili, manyoya ya heroe kwa PV19 na nyeupe nyingi, na kumwonyesha dume la mjusi wa miamba ya Serengeti, ambaye kichwa na mabega yake ni mekundu na mwili wake ni wa buluu, jinsi alivyo anapoota jua. Nyeupe inunuliwe ya ukubwa mara mbili ya nyingine, kwani ndiyo inayokwisha kwanza.

Ukilinganisha bei, igawe kwa mililita. Boksi la vityubu 24 vya mililita 12 lina mililita 288, na nusu ya rangi hizo hutazigusa, ilhali tyubu sita za mililita 75 zinakupa mililita 450 za rangi utakazozimaliza.

Nafasi ya pili: rangi ya kopo ya kung'aa

Hii ndiyo rangi iliyoipa Tanzania mtindo wake unaojulikana duniani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya aina hii, ile inayopakwa kwenye baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake na waliowafuata wameendelea na kazi hiyo hadi leo. Anayetaka ndege wake wawe na mng'ao na mistari laini isiyoonyesha njia ya brashi hatapata kitu bora kuliko kopo la robo lita, kwa kuwa rangi hii hujisawazisha yenyewe kabla ya kukauka. Doa moja la nyeupe likiwekwa kwa ncha ya njiti juu ya jicho jeusi la bundi hubaki limeinuka na kung'aa kana kwamba jicho lina maji.

Nimeiweka ya pili kwa sababu tatu. Kila tabaka linahitaji kusubiri hadi kesho yake. Nyeupe yake hugeuka manjano polepole, hasa picha ikiwa katika chumba chenye giza. Na brashi husafishwa kwa tapentaini au thina, ambazo mvuke wake si wa kuvutwa ndani ya chumba kilichofungwa. La uzito zaidi ni risasi, madini yenye sumu. Kwa miaka mingi manjano, machungwa na nyekundu za makopo zilitengenezwa kwa kromati ya risasi, na hizo ndizo rangi ambazo mchoraji wa wanyama anazihitaji kuliko zote. Nunua kopo lililoandikwa wazi kwamba halina risasi au kwamba halizidi sehemu 90 kwa milioni, kiwango kinachopendekezwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na usisugue kwa msasa picha ya zamani usiyoijua rangi yake. Watoto wasiitumie kabisa.

Rangi hii yaweza kupakwa juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki juu yake haishiki, itabanduka.

Nafasi ya tatu: rangi ya mafuta ya tyubu

Kwa anayetaka ngozi ya tembo yenye mikunjo, au mwanga wa jioni ukipenya kwenye singa za simba, rangi ya mafuta bado haina mshindani, kwa kuwa hukaa mbichi kwa siku kadhaa na kukuruhusu kuilainisha rangi moja ndani ya nyingine. Ila kwa kazi ya rangi kali zilizotenganishwa kwa mistari haina faida ya kulipia bei yake. Anayeanza aiache kwanza.

Nafasi ya nne: guashi

Guashi ni rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga, inayokauka bila mng'ao. Ni nzuri sana kwa vielelezo vya vitabu vya watoto, na kosa hulainishwa kwa brashi yenye maji hata baada ya wiki. Picha yake lazima iwekwe chini ya kioo, maana tone la maji hulifuta jicho la twiga papo hapo. Rangi za shule za chupa kubwa ni ndugu zake wa bei nafuu, na zinafaa mazoezi tu.

Nafasi ya tano: rangi ya maji ya vidonge

Chukua kisanduku kidogo cha vidonge 12 kwa safari za mbugani na daftari. Nyumbani haitakupa ukali wa rangi unaoutafuta.

Nafasi ya sita: emalshani

Inafaa ukuta wa darasa la chekechea, na ile nyeupe hufaa kutandazwa juu ya hadibodi kabla ya akriliki. Zaidi ya hapo, ni dhaifu mno.

Kwa wachoraji wa dinosaria

Mchoraji wa dinosaria ana nafuu moja mfukoni. Kilimani Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, mamia ya wafanyakazi wenyeji chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani walichimba mifupa iliyopelekwa Berlin, na humo ndimo alimosimamishwa Giraffatitan, dinosaria wa shingo ndefu mwenye kimo cha zaidi ya meta 13. Mifupa haikuhifadhi rangi ya ngozi yake. Kwa dinosaria wachache wadogo wenye manyoya wa China, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha mkia wenye mistari ya rangi ya kutu na nyeupe, lakini kwa majitu ya Tendaguru mchoraji anaamua mwenyewe. Mimi huanza na rangi za udongo, nikiwatazama tembo na kiboko, kisha nikaweka rangi kali pale tu ambapo mnyama angetaka kuonekana: shingoni, au kwenye miiba ya Kentrosaurus, dinosaria mwingine wa Tendaguru.

Rangi za udongo ndizo za bei ya chini katika takriban kila kampuni, na ndizo imara kupita zote. Wekundu wa michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni oksaidi ya chuma, pigimenti ileile inayouzwa leo kwa alama ya PR101 au PR102, na twiga na pofu wa pale bado wanaonekana.

Pa kuchorea

Karatasi nzima ya hadibodi ya futi 4 kwa 8 hukatwa vipande nane vya futi 2 kwa 2, kipimo kinachokaribia kile cha picha za Tingatinga mwenyewe. Mwombe fundi seremala akukatie, kisha upake nyuma na kando pia ili unyevu usiupinde ubao. Kitambaa cha marekani kilichovutwa vizuri kwenye fremu na kupakwa jeso, yaani rangi nyeupe ya kutayarishia kitambaa, mara mbili kinatosha kabisa badala ya kanvasi ya dukani.

Kabla ya kuianza picha yenyewe, paka mstari wa kila rangi uliyonunua kwenye kipande cha karatasi, funika nusu ya kila mstari kwa karatasi ya fedha ya jikoni, na uibandike dirishani panapopigwa na jua kwa miezi mitatu. Rangi ambayo nusu zake mbili zitatofautiana ukiondoa kifuniko, mpe mtoto achoree daftarini, isipokuwa ile ya kopo.