Mtaala wa boksi moja haukutufaa: uzoefu wangu wa kufundisha watoto nyumbani

Mwaka wa kwanza nilinunua mtaala kamili: masomo yote, mwongozo wa mwalimu na ratiba ya kila siku, vyote katika boksi moja. Sitautaja jina, maana huenda unawafaa watoto wengine. Mimi niliuchukua kwa hofu. Niliogopa kuruka kitu, na ile ratiba iliniondolea wasiwasi.

Kijana wangu wa miaka 9 alijaza kurasa zote za hisabati, na karibu kila jibu lilikuwa sahihi. Siku moja tunapanga vifuniko vya chupa kwa ajili ya mchezo, nikamuuliza: tuna vifuniko 48, tuko 4, kila mmoja atapata vingapi? Akanitazama. "Mama, hapo nazidisha au nagawanya?"

Nilirudi kwenye kitabu chake, nikaona tatizo lilipo. Kila ukurasa ulianza na mfano uliokwisha kutatuliwa, na hesabu zote zilizofuata zilikuwa za aina hiyohiyo. Ukurasa wa kugawanya una kugawanya tu. Mwaka mzima hakuna mahali alipolazimika kuamua mwenyewe afanye nini. Alikuwa anaiga, nami nikaweka alama za vyema.

Tangu hapo nimekuwa nikichagua somo moja moja, na kabla ya kununua chochote nampima mtoto. Wachapishaji wengi wa vitabu vya hisabati huweka majaribio ya kupima kiwango kwenye tovuti zao, bila malipo. Mpe mtoto jaribio la ngazi unayoamini ameshaimaliza, usimsaidie, usiweke saa. Wangu alirudi nyuma mwaka mzima. Iliniuma, na siku mbili sikumwambia hata baba yao. Lakini ule mwaka aliorudi aliumaliza kwa miezi mitano.

Tulihamia kwenye hisabati ya mtindo wa Singapore. Mtoto huanza na vitu anavyoshika kwa mikono, halafu michoro, ndipo zije namba tupu. Nilichokipenda zaidi ni michoro ya mistatili. Chukua swali hili: Asha ana shanga mara 3 ya za Ali, na kwa pamoja wana 48. Mtoto anachora kiboksi kimoja cha Ali na vitatu vya Asha. Viboksi 4 ni 48, basi kimoja ni 12. Hakuna kukariri kwamba "mara" maana yake zidisha. Mchoro wenyewe unamwonyesha kwamba hapa anagawanya. Mara ya kwanza alipopata peke yake alikuja mbio jikoni na karatasi mkononi, na nimeihifadhi karatasi ile.

Ila mjue, mtindo huu unamtaka mzazi akae. Mwongozo wa mwalimu si wa kuachia dukani ukanunua kitabu cha mtoto pekee; mimi husoma somo la kesho usiku wa leo. Ukiwa na kazi inayokubana, anza na Khan Academy, tovuti ya masomo, kwa mazoezi. Ni bure, na mtoto anajua papo hapo kama amekosea. Sisi tunaitumia kwa marudio mara mbili kwa wiki, basi.

Binti yangu wa miaka 6 alikuwa na shida nyingine. Lile boksi lilianzisha kusoma Kiswahili na Kiingereza kwa wakati mmoja. Kiswahili kina irabu 5 na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, kwa hiyo mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu ameshika njia. Yeye alipoipeleka njia hiyo kwenye Kiingereza, neno "made" akalisoma ma-de, nikamsahihisha, akalia. Alikuwa hajakosea kitu kwa kanuni aliyofundishwa! Niliweka Kiingereza kando hadi aliposoma Kiswahili bila kuhema kwenye kila silabi. Kilichomkwaza kwa muda mrefu ni "ng" na "ng'" tu. Baada ya hapo ndipo tukaanza sauti za herufi za Kiingereza kama somo jipya lenye kanuni zake.

Vitabu vya kusoma havikunigharimu. Tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi zenye picha, nyingi kwa Kiswahili, zimepangwa kwa ngazi, na unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapisha. Ubora wa lugha unapanda na kushuka, kwa hiyo huzisoma mwenyewe kwanza.

Kupima kama ameelewa, nilichukua jambo moja kutoka kwa Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923: soma mara moja, funga kitabu, mtoto asimulie kwa maneno yake. Tumeacha kabisa zile karatasi za maswali ya ufahamu. Akinyamaza katikati ya simulizi najua hasa alipopotelea.

Kama kuna uwezekano wa mwanao kurudi shuleni, weka silabasi ya shule hiyo karibu na uikague kila muhula. Na kabla ya kulipa, omba sura moja ya mfano uifundishe wiki nzima. Mtaala wa sayansi niliokuwa nimeushangilia kwa picha zake niliuacha siku ya tatu, binti yangu aliponiuliza ni lini tutagusa kitu chochote.