Trening ya koding ya walimu hapa Kisumu: nenda, lakini beba ekstensheni

Kama unafunza Junior School (Grade 7 hadi 9) na umeona lile tangazo la trening ya wikendi ya koding, yaani kuipangia kompyuta maagizo, nenda, ila beba ekstensheni yako kwa sababu ukumbi mzima soketi zilikuwa mbili na laptopu zilianza kuzima kabla hata ya chai ya saa nne. Chakula sina neno, samaki alikuwa samaki.

Tulianza na Scratch, ile programu ya chuo cha MIT cha Marekani ya kupanga maagizo kwa vipande vya rangi, unaiweka kwa mashine unafanya bila bando, halafu tukaingia kwa micro:bit, kale kabodi kadogo ka kompyuta ka taa 25 kalikotoka BBC 2016. Sawa, lakini vifaa tumeshaviona, hata tableti za serikali za darasa la kwanza za 2016 shule nyingi zilifungiwa stoo kwa sababu mwalimu hakujua aanzie wapi.

Kilichonishika ni hiki: walitufanya tufundishane, mmoja wetu akae nyuma na karatasi aandike tu nani ameshika mausi na nani ameulizwa nini. Aliposoma, ukumbi ukanyamaza. Wanaume ndio walikuwa kwa mashine, sisi madam tumepewa kalamu tuandike ripoti ya kikundi! Sasa yule msichana wa Grade 8 ambaye kila siku ni katibu kwa sababu mwandiko wake ni msafi, ataguza kompyuta saa ngapi, halafu muhula ukiisha tunasema wasichana hawapendi teknolojia.

Dawa yao ni mausi izunguke, na mtoto akikwama usimnyang'anye, weka mikono nyuma umuulize alitaka ifanye nini. Jameni mkono unawasha. Lakini niliporudi darasani nikaijaribu, wasichana wangu wameunda kengele ya mtungi, nyaya mbili pale juu, maji yakizifikia inalia (hii micro:bit iliyotoka 2020 iko na spika ndani), kwa sababu wao ndio husimama kwa bomba kungojea ujae. Mimi singewahi kufikiria hiyo.

Kasoro sasa: trening ya kuvuta wasichana na wawezeshaji wote wanaume, kweli? Pia tukishaenda nyumbani hakuna anayekuja darasani kuona kama tunafanya ama tumerudia chaki, na kabodi ni kamoja kwa shule, watoto wanakapigania.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano watapata wakileta madam asimamie hata kipindi kimoja, na wakitutumia vyeti vyetu.