Miaka sita na simu ya RAM GB 1 hapa Moshi: kioo kizima, programu zimeikataa

Kioo hakina hata mchirizi. Betri nilibadilishiwa mara moja tu, na fundi wa karibu na stendi, na chaji inakaa mpaka jioni. Spika inasikika hata cherehani tatu zikiunguruma kwa pamoja. Ukiishika mkononi utasema bado ina miaka mitano mbele yake. Lakini mwezi uliopita programu ya benki yangu ilinitaka niisasishe. Nikabonyeza, Play Store ikajibu kuwa simu yangu haiendani na toleo hilo. Toleo la zamani nalo likagoma kufunguka. Pesa ipo, bando lipo, simu inawaka, na akaunti yangu siioni.

Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu iko mjini, si mbali na soko la Mbuyuni. Simu hii niliinunua mpya mwaka 2019 kwa shilingi 190,000. RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi, GB 1, nafasi ya ndani ya kuhifadhia GB 8, mfumo wake Android 8.1 toleo la Go, lile ambalo Google walilitoa Desemba 2017 kwa ajili ya simu zenye RAM isiyozidi GB 1. Wakati ule maneno hayo hayakuniambia kitu. Niliangalia kamera na rangi, nikalipa.

Miaka ya mwanzo naisifu bila kusita. Programu za Go zilikuwa nyepesi kwelikweli. YouTube Go ilikuonyesha video itakula MB ngapi kabla hujaifungua, unachagua ubora, unaihifadhi, unaiangalia hata umeme na bando vikiwa vimekata. Kola ya shati la kiume na zipu ya kujificha nilijifunzia humo. Agosti 2022 ikafungwa, watumiaji wakaelekezwa kwenye YouTube ya kawaida, ambayo kwa RAM ya simu yangu ni mzigo.

Kilichonifungua macho ni simu ya mdogo wangu. Tulinunua pamoja, duka moja, simu za jina moja, hata kava zinaingiliana. Yake ilikuwa na RAM GB 2. Nilidhani tofauti ni kasi tu. Kumbe yake ilikuja na Android kamili, na mwaka uliofuata ikapata Android 9. Yangu haikupata. Yeye anagawanya skrini: juu picha ya mshono aliotumiwa na mteja, chini vipimo. Kwenye yangu hilo chaguo halipo kabisa, nimelitafuta mipangilio yote. Kwa kazi yangu hiyo si anasa. Nikiwa na mkasi mkononi lazima nitoke kwenye picha niende kwenye vipimo, na nikirudi WhatsApp inaanza kufunguka upya, kwa sababu RAM imeshaitoa nje. Jina moja kwenye boksi, simu mbili tofauti, na muuzaji hakunieleza. Hili liliniuma kuliko la benki.

Nilimpelekea fundi nikidhani ataiapdeti yeye. Akaniambia, "Dada, simu haijaharibika. Imeachwa." Akanieleza kwamba Google wakishatoa Android mpya, mtengenezaji wa chipu, ubongo wa simu, anapaswa kuandaa sehemu yake, kisha kampuni ya simu iongeze mambo yake, ijaribu, ndipo itume kwa watu. Mmoja akiona modeli hiyo haimlipi tena, safari inaishia hapo. Mwaka 2017, pamoja na Android 8, Google walileta mpango unaoitwa Treble wa kutenganisha mfumo na sehemu ya chipu ili kazi iwe rahisi, lakini uamuzi wa kutuma umebaki kwa kampuni ya simu. Apple wao wanatengeneza simu na mfumo wake, ndiyo maana iPhone 6s ya mwaka 2015 ilipata iOS 15 mwaka 2021.

Halafu kila mwenye programu anajiwekea mstari wake. WhatsApp tarehe 24 Oktoba 2023 iliweka mstari wake kwenye Android 5.0 kwenda juu, kwa hiyo ninayo mpaka leo na oda zinaingia. Kivinjari cha Chrome toleo la 138, la mwaka 2025, ndilo la mwisho kwa Android 8 na 9. Benki yangu imeweka mstari wake juu zaidi ya nilipo. Siilaumu kwa kutaka usalama, maana sasisho la mwisho la usalama kwenye simu yangu ni la mwaka 2019, na mwizi wa mtandaoni hachagui tajiri. Ninachoilaumu ni ukimya. Ujumbe mmoja wa maandishi, mwezi mmoja kabla, ungenitosha kujipanga.

Kijana mmoja wa jirani alinishauri nitafute faili la APK, yaani programu ya kupachika bila kupitia Play Store, kwenye kundi la Telegram. Nilikataa. Programu inayoshika pesa ya ada ya watoto siichukui kwa mtu nisiyemjua, na wewe nakusihi usiichukue.

Kilichoniokoa ni menyu ya M-Pesa ya Vodacom. *150*00# haiulizi Android ya ngapi. Inapita kwenye mtandao wa simu wenyewe bila intaneti, na hata kitochi kinaifungua. Wiki mbili nzima wateja walinilipa malipo ya awali kwa njia hiyo, na vitambaa nikalipia hivyohivyo.

Nafasi ya GB 8 sitaieleza sana. Mfumo peke yake unachukua zaidi ya nusu, memori kadi inabeba picha lakini programu zimebaki ndani, na kila Jumamosi jioni nilikuwa nakaa kufuta. Siku moja nilifuta vipimo vya bibi harusi. Nilipanda daladala kwenda kumpima upya kwao Uru, na aibu ile bado ninayo.

Sasa nimenunua nyingine. Safari hii kila simu niliyooneshwa niliomba ifunguliwe Mipangilio, kisha Kuhusu simu, nikasoma toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama kabla ya kuuliza bei. Muuzaji mmoja akasema, "Mama, simu mpya hii, mbona unaikagua hivyo?" Ilikuwa mpya kweli, imefungwa kwenye nailoni yake, lakini ndani ina Android 11 Go, mwaka 2025, kwa shilingi 250,000. Niliirudisha mezani. Nikachukua iliyotumika, RAM GB 4, Android 13, ina mkwaruzo kwenye kona, kwa 230,000. Programu ya benki ilifunguka palepale dukani, nikaangalia salio kabla ya kutoa hela.

Ile ya zamani nimempelekea mama yangu kule Kibosho. Nimeifuta yote, nikamwachia kupiga, kupokea, menyu ya pesa na redio. Anachomeka waya wa masikioni ili ushike FM, anabonyeza spika, na taarifa ya habari ya asubuhi inasikika mpaka kwenye migomba.