Nimelipia Moshi, Nikauziwa Kiburi

Nianze na sifa, maana nikianza na yule bwana wa dukani nitajaza ukurasa mzima kwa matusi. Kijibomba cha moshi cha treni ya modeli kikiwa kizima, raha yake haisemeki. Unadondoshea dohani matone ya mafuta, unawasha, unangoja kidogo, mara moshi mweupe unachomoza juu ya kichwa cha treni kinachozidi shubiri kwa vidole vichache tu. Mtu mzima na ndevu zangu, nilijikuta napiga makofi peke yangu sebuleni.

Raha hiyo haikufika hata wakati wa kulala.

Kichwa chenyewe ni cha daraja la 44 la Ujerumani, lile dude la magurudumu 10 yanayoendeshwa na injini ambalo watu wa reli huku walilibandika jina la Jumbo. Sanduku linajisifu kwamba kiko tayari kwa moshi, kumbe ulichoachiwa ni tundu. Kifaa unanunua kando, mafuta kando. Haya, nikaenda duka la modeli la hapa mtaani, nikamweleza muuzaji wazi kabisa: reli zangu ni za dijitali. Akavuta droo, akanitupia kipakiti mezani bila hata kukitazama, akarudi kuongea na wenzake.

Hapo ndipo palipoharibika. Kwenye reli za zamani za analogi, umeme huongezeka kadiri treni inavyokimbia, kwa hiyo kifaa cha moshi hupata joto kidogo kidogo, na treni ikisimama nacho kinapoa. Reli za dijitali hubeba volti zote muda wote, hata treni ikiwa imelala stesheni. Ndiyo maana vifaa hivi hutengenezwa kwa volti tofauti, kila kimoja na namba yake. Ndani mna kabomba kembamba kalikozungushiwa waya wa kupasha joto. Mafuta yanachemka, yanasukumwa juu, yanageuka ukungu. Ukiupa waya volti usizozimudu, unaungua. Changu kiliungua, mafuta yakiwa bado yamo. Niliyafyonza mwenyewe kwa bomba la sindano.

Nikarudi na risiti. "Umekiacha kikauke," akasema kabla sijafungua kipakiti. Nikamwambia hakikukauka, mafuta nimeyatoa mimi. Akahamia kwingine: waya wa joto ni kitu cha kuchakaa, hakirudishwi. Kuchakaa! Kitu ambacho hakijamaliza ujazo mmoja wa mafuta kimechakaa vipi? Sheria ya nchi hii humpa mnunuzi wa kitu kipya miaka 2, na tangu 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, ni muuzaji anayetakiwa kuonyesha kwamba haikuwepo tangu mwanzo. Nilimwambia hivyo kwa Kijerumani changu safi. Akatabasamu kwa wale wenzake pale kaunta, akasema, "Watu makini katika fani hii hawatumii moshi. Hayo ni mambo ya watoto."

Wakacheka. Wote.

Mambo ya watoto, ilhali chupa ya mafuta hayo ina kifuniko maalumu cha kuwazuia watoto, kwa sababu yakimezwa yanaweza kupenya mapafuni! Lionel, watengenezaji wa treni za kuchezea wa Marekani, walianza kuuza vichwa vyenye moshi mwaka 1946, walitumia balbu iliyounguza kidonge, na hao wanunuzi wenye fedha hawakuwa watoto. Na injini ya mvuke isiyotoa moshi ni nini, kama si maiti iliyowekewa magurudumu? Baba yangu aliziona zile Garratt za daraja la 59, injini kubwa za mvuke, zikipanda kutoka Mombasa kuelekea Nairobi, na kila akisimulia huanza na moshi. Hajawahi hata siku moja kunisimulia habari za rangi.

Lakini ngoja. Niseme kweli ingawa itamfurahisha yule bwana. Moshi wa kifaa hiki si moshi wa injini. Daraja la 44 lina silinda 3, kwa hiyo injini halisi hupumua mara 6 kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kila pumzi ni mvuke uliotumika unaotupwa dohanini kwa nguvu. Cha kwangu kinafuka mfululizo kama chetezo cha udi, treni ikipanda mlima sawa, ikiwa imesimama sawa. Modeli kubwa kubwa zina feni ndogo inayosukuma moshi kwa mapigo yanayofuatana na magurudumu. Hizo nimeziona zikifanya kazi, zinapendeza hadi unasahau bei, halafu unaitazama bei.

Na mafuta yanatapakaa. Yanabaki juu ya reli, magurudumu yanashika uchafu, umeme unakatakata, kila baada ya moshi kidogo unashika kitambaa. Mama Zawadi ameshanitangazia: "Baba Zawadi, hilo dirisha utalifuta wewe." Nalifuta mimi.

Kwa hiyo ningekubali kwamba ni upuuzi, kama si kile kicheko. Nimeagiza kingine kwa posta kutoka duka la mji mwingine. Mama mmoja akanijibu kwenye simu, akaniuliza volti za reli zangu, akaniuliza dikoda gani, yaani kile kifaa cha ndani ya kichwa kinachopokea amri za dijitali, akanisomea namba ya kifaa mara mbili. Kimefika, nimekifunga, kinafuka tangu wakati huo bila tatizo. Akaniongezea ushauri ambao yule wa kwanza hakuona nastahili: usijaze sana, bomba likizama kwenye mafuta halitoi kitu, na ukiona moshi umepungua zima kwanza ndipo uongeze.

Nilikusudia kukipa kifaa nyota mbili. Kwa jinsi kilivyofuka jana usiku, nne. Nikilikumbuka dirisha, tatu. Lile duka halipati hata moja, na kifaa kilichoungua bado kimebaki kaunta kwao kwa sababu nilikataa kukichukua. Mafuta yangu yanakaribia kuisha, na pale kwake ni dakika chache kwa miguu. Nitaagiza kwa posta, na nauli nitalipa.